Wanaoitika Usingizini

Wiki ile haikuwa zamu yangu. Ilikuwa ya Mwalimu Kinyamagoha, ila yeye alikuwa na sherehe ya sendofu ya mdogo wake anayeolewa kule Makambako, akaniomba nimshikie, nami nikakubali kwa sababu alinishikia mimi mwaka juzi nilipokwenda kumzika mama. Jumatatu nikapokea daftari la zamu. Jumatano serikali ikafunga shule zote nchini. Agizo lilisema kila shule ya milimani kama yetu ibaki na watu wazima wawili tu, mwalimu mkuu na mwalimu wa zamu wa wiki hiyo, na geti lifungwe kwa nje. Leo ni siku ya tisini na moja. Daftari bado liko kwangu, maana hakuna wa kumkabidhi.

Kinyamagoha yuko kwake anakula parachichi. Namwombea heri, lakini si kila siku.

Miaka ishirini na nne nimekuwa mwalimu, na kila muhula ukifika katikati nimekuwa nikiomba likizo. Jamani, likizo! Nilitamani wiki moja tu bila kelele, bila "Madam, huyu kanichukulia kalamu." Sasa nimepewa likizo, na kelele zote zimeondoka nayo. Asubuhi nachemsha viazi kwenye jiko la mkaa, naosha sufuria, nafuma sweta ambalo nimelifumua mara tatu. Nimesahihisha madaftari yote niliyoyakuta kabatini, hata ya miaka miwili iliyopita. Kuna insha moja inaitwa "Siku Nisiyoisahau" nimeipa alama ishirini juu ya ishirini kwa sababu tu mtoto alinichekesha. Ananiita humo "Madam Oliva mwenye fimbo fupi na maneno marefu."

Watoto wenyewe hawakwenda nyumbani. Wote mia mbili na kumi na wawili wako humu humu, madarasani. Wamelala.

Saa kumi na mbili na nusu naingia darasa la saba. Ni Julai, huku kwetu Njombe nyasi zinaamka nyeupe kwa barafu, na pumzi yangu naiona. Madawati tuliyatoa nje siku ya kwanza, yamerundikwa chini ya dirisha la ofisi. Ndani kuna vitanda thelathini na nane vya turubai, safu nne, na kila mtoto ana kofia ya nyaya nyembamba kichwani na mpira wa dawa mkononi. Ukutani, pale ilipokuwa ramani ya Afrika, imefungwa mashine. Wizara iliipa jina refu lenye herufi kubwa nyingi. Sisi tunaiita Matroni, maana inakesha na watoto na haina utani.

"Mwalimu wa zamu," Matroni huanza na mimi kabla ya watoto. "Oliva Luvanda?"

"Nipo."

"Mahudhurio yaanze."

Nafungua rejista, naita. Si kwa mazoea tu. Huo ugonjwa tunaouita Kizibo unapenda pumzi ya haraka. Mtoto anayekimbia, anayecheka, anayeimba kwaya, ndiye unayemkaba kifua. Muhula wa kwanza tulizika kumi na mmoja wa hapa shuleni, wa mwisho akiwa kiranja wangu wa usafi. Kisha madaktari wakagundua kwamba mtoto anayevuta pumzi nne kwa dakika, katika baridi, Kizibo hakimpati. Ndiyo maana walichagua shule za milimani, na ndiyo maana wazazi walipoambiwa watoto walazwe mpaka chanjo ipatikane, waliobisha walikuwa wachache na hawakubisha sana.

Ila usingizi huo nao una shimo lake. Mtoto akishuka mno anasahau kurudi. Kwa hiyo kila siku lazima aitwe kwa jina, kwa sauti anayoijua. Walijaribu sauti za kurekodi, watoto wakazizoea ndani ya wiki moja, wakawa hawajali. Ikabidi iwe sauti ya mtu hai, na mafua yake na uchovu wake. Mimi naita, Matroni anasikiliza moyo. Ukiruka kidogo, taa ya kitandani inawaka kijani, tunasema ameitika. Sijawahi kuwa na darasa linaloitika vizuri hivi, bila hata mmoja kujibu kwa niaba ya mwenzake mtoro.

"Edina Mahenge."

Taa haikuwaka.

"Edina Mahenge!"

"Kitanda cha kumi na tisa, pumzi tatu," Matroni akasema. "Siku ya nne hajaitika. Makadirio ni chini ya pumzi mbili baada ya siku sita."

Chini ya mbili hakuna kurudi. Hilo tulifundishwa siku ya kwanza kabisa. Na chanjo itafika baada ya siku kumi na moja.

"Mpunguzie dawa," nikasema.

"Dawa inatolewa kwa kadi ya kuzaliwa. Ini la Edina Mahenge husafisha dawa haraka. Kipimo ni sahihi."

"Mtoto anazama mbele ya macho yako!"

"Kipimo ni sahihi kwa Edina Mahenge."

Nikakaa sakafuni, pale pale kwenye saruji ya baridi, na rejista mapajani. Kila mtoto, tangu enzi zetu, akizaliwa anatobolewa kisigino, tone la damu linasomwa, na yote yanaandikwa kwenye kadi: moyo wake, mapafu yake, ini lake linavyofanya kazi. Kadi hiyo inamfuata maisha yake yote kupitia jina lililoandikwa rejista. Matroni anaiamini kuliko anavyouamini mwili uliolala mbele yake.

Na Edina Mahenge hayuko kwenye kitanda cha kumi na tisa. Edina Mahenge alihama na wazazi wake mwaka jana, wakaenda kulima mpunga Mbarali, hakuaga mtu. Aliyelala pale ni Twilumba Mgaya. Jina la Edina nilimpa mimi, kwa mkono wangu.

Kila mwalimu wa huku anaijua kazi hiyo, hata yule atakayeapa kwamba haijui. Twilumba alifeli mtihani wa darasa la saba kwa alama chache, kwa sababu wiki ya mtihani alikuwa akimuuguza baba yake, na siku ya hesabu alimzika. Kurudia darasa hairuhusiwi. Lakini mtoto aliyehama bila kuaga, jina lake linabaki rejista, wazi. Unamketisha anayerudia kwenye jina hilo, anafanya mtihani kwa jina hilo, anakwenda sekondari kwa jina hilo, na maisha yanaendelea. Nilimwita mama yake ofisini, nikamwambia kuanzia leo huyu ni Edina. Mtihani wa majaribio wa wilaya, Edina wangu akawa wa kwanza. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Nikainuka, nikamsogelea. Uso wake ulikuwa wa mtoto mdogo kabisa, midomo imepauka. Nikainama sikioni.

"Twilumba."

Taa ikawaka kijani.

"Mapigo yamepanda," Matroni akasema. "Umeita jina ambalo halimo kwenye orodha."

"Nimekosea," nikajibu. "Tuendelee."

Nilisema hivyo! Mtoto kaniitikia kutoka kule chini aliko, nami nikasema nimekosea, nikaita jina linalofuata.

*

Mwalimu Mkuu Fute alikuwa ofisini kwake anamenya viazi kwa kisu kidogo, maganda yake yanatoka membamba, marefu. Ni mtu mwema. Nasema hivyo mapema ili asije mtu akamfikiria vibaya. Wakati wa mazishi ya wale kumi na mmoja ndiye aliyebeba kila jeneza.

Nikamweleza. Hakuacha kumenya.

"Una hakika?" akauliza.

"Nimemwita kwa jina lake, akaitika. Ini ni la mwingine, Mwalimu. Tunamnywesha kipimo cha Edina, na yeye dawa haimtoki. Inamjaa."

"Mpira tukiuchomoa?"

"Tutamuua. Dawa inashushwa tone kwa tone siku tatu, na anayeshusha ni Matroni."

Akaweka kisu chini. "Wako wengine wanne, unakumbuka?"

Nakumbuka, kwa nini nisikumbuke? Wawili darasa la saba, wawili la sita. Wote kalamu yangu.

"Ukifungua huyu mmoja, watakagua wote," akasema. "Watoto watano watafutiwa mtihani. Wale wanne wanaitika vizuri kila siku, hawana tatizo lolote, na unakwenda kuwavunjia maisha wakiwa wamelala. Utawaambia nini wakiamka?"

"Leo wanaitika. Twilumba naye wiki iliyopita alikuwa anaitika."

"Na sisi wawili tutakwenda mahakamani. Mimi nimebakiza miezi kumi na minne kustaafu, Madam. Miezi kumi na minne!"

"Basi saini wewe niandike mimi. Useme hukujua. Kosa lote nibebe mimi."

Akatikisa kichwa polepole. "Sisaini. Nisamehe, lakini sisaini. Na wewe mwenyewe unajua huwezi. Kubadilisha kadi ya mtoto kunataka shahidi ambaye damu yake inalingana na kadi yake ya kuzaliwa." Akaniangalia, akainamisha macho haraka kwenye viazi vyake. "Na yako, Madam, hailingani."

Katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hakuwahi kulitamka jambo hilo.

Fute ndiye mtu pekee aliye hai anayejua. Tulisoma dawati moja, kule Makete, tukiwa wadogo. Nilifeli darasa la saba. Sikuuguza mtu wala sikuzika mtu, nilifeli tu, nilikuwa mtoto wa kuota ndoto dirishani. Msichana mmoja aitwaye Oliva Luvanda alikuwa ameacha shule, na mwalimu wetu akamwambia mama, kuanzia leo huyu ni Oliva. Nimekwenda sekondari nikiwa Oliva. Nimesoma ualimu nikiwa Oliva, nimeajiriwa, nimeolewa, nimefiwa na mume, nikiwa Oliva. Kidole changu kimo kwenye faili la ajira kwa jina hilo, ndicho ninachofungulia rejista kila asubuhi. Lakini tone la damu ya kisigino changu liko kwenye kadi nyingine, ambayo haijaguswa na mtu tangu nikiwa na miaka kumi na minne.

Mama peke yake ndiye aliyeendelea kuniita jina langu, tena ndani, mlango ukiwa umefungwa. Siku anakata roho aliniita mara mbili. Wauguzi wakadhani anaweweseka.

"Siku sita," nikamwambia Fute. "Mimi siwezi kukaa siku sita naita mtoto asiyesikia."

"Subiri mpaka Jumatano mama yake aje," akasema. "Angalau muulize yeye. Mtoto ni wake, Madam, si wa kwetu."

Hapo alisema kweli, nami nikasubiri. Jumatano ilikuwa kesho yake tu.

*

Jumatano mchana ndipo wazazi wanaporuhusiwa kufika kwenye dirisha linalotazama nje ya uzio. Wanapanga mstari nje kwenye baridi, mmoja mmoja anasogea kwenye kioo, anabonyeza kitufe, anamwita mwanawe, anaona taa ikiwaka, anafuta machozi, anaondoka. Wengine wanaeleza habari za nyumbani, kwamba ng'ombe amezaa, kwamba bibi anasalimia.

Mama yake Twilumba alifika akiwa wa mwisho. Ni mwanamke mfupi, mikono imepasuka kwa kulima viazi. Akabonyeza kitufe.

"Edina! Edina mwanangu, mama yako nimekuja."

Mimi nilikuwa ndani, nimesimama kando ya kitanda. Taa haikuwaka. Akaita tena, akaita mara ya tatu. Nikaenda kwenye kioo, nikafungua spika ya upande wetu.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, Madam. Mbona hanisikii? Mama aliyekuwa mbele yangu kamwita wa kwake mara moja tu, taa hii hapa. Mimi wiki iliyopita taa iliwaka kidogo, leo haiwaki kabisa. Kanikasirikia?"

"Mama, tangu alazwe, umewahi kumwita jina lake?"

"Si namwita hivi, Madam?"

"La nyumbani."

Akageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu. Hakukuwa na mtu. Hata hivyo akashusha sauti.

"Hata mara moja! Si uliniambia nisikosee? Uliniambia nikikosea mara moja tu tumekwisha, mtoto hana shule. Nilikushika neno lako, Madam. Hata nyumbani, nikipiga magoti usiku kumwombea, namtaja Edina. Nilisema ulimi uzoee."

Nilishika fremu ya dirisha. Siku tisini na mbili mtoto yuko chini gizani, na mama yake mwenyewe, kwa utiifu kwangu, anamwombea kwa Mungu kwa jina la mtoto wa watu! Nililia mbele yake, sikuficha, na mimi si mtu wa kulia mbele ya wazazi.

Kisha nikamweleza yote. Nilimweleza habari ya kadi na ini na dawa, na zile siku tano zilizobaki. Nikamweleza pia kitakachotokea nikisema: Twilumba ataondolewa rejista, mtihani hatafanya, na pengine hataruhusiwa tena shule yoyote ya serikali. Sikumficha na wale wanne wengine.

Alisikiliza huku anafuta kioo kwa upindo wa khanga, anafuta pale pale palipokwisha takata.

"Aliniambia," akasema mwishoni, "mama, nikikosa safari hii basi tena, usinihangaikie. Alikuwa anasoma mpaka anasinzia juu ya daftari. Akiamka akaambiwa hana mtihani, atanichukia."

"Atanichukia mimi. Mwambie ni mimi."

"Na nisipokubali?"

"Mama, usipokubali hataamka."

Niliona kifua chake kikipanda na kushuka, haraka, pumzi za mtu mzima asiye na hofu ya Kizibo.

"Shule nitaitafuta kesho, Madam," akasema. "Leo mimi nataka pumzi." Kisha akauliza, kwa adabu, kama anayeomba kiti ofisini kwangu, "Naruhusiwa kumwita?"

"Mwite."

Akakaza uso kwenye kioo. "Twilumba! Twili! Twili wee, mama nipo hapa!"

Taa ikawaka, ikazima, ikawaka tena, na haikuzima mpaka alipoondoa kidole kwenye kitufe. Mama yule akapiga kofi, akacheka huku machozi yanamtiririka. "Kaniitikia! Madam, umeona? Kaniitikia mwanangu!"

"Nimeona," nikasema.

Lakini kuitika si kupona. Kwenye kioo cha Matroni pumzi zilikuwa mbili na nusu.

*

Nilirudi darasa la saba saa tisa alasiri. Fute alikuwa amekwisha fika, amesimama mlangoni, mikono mfukoni. Nadhani alimwona mama akishuka kilima.

"Nataka kubadilisha kadi," nikamwambia Matroni. "Kitanda cha kumi na tisa."

"Shahidi ajitambulishe. Weka kidole."

Nikaweka. Sindano ikanichoma kidogo, tone la damu likaingia ndani. Nilikuwa najua jibu, ila nadhani mtu huwa bado anategemea muujiza wa kijinga.

"Oliva Luvanda. Kidole cha ajira kinalingana. Damu hailingani na kadi ya kuzaliwa. Shahidi hakubaliki."

Nikamgeukia Fute. Aliniangalia, akaangalia kile kitanda, akaangalia viatu vyake.

"Madam, fikiri," akasema. "Miaka ishirini na nne. Watasema hata cheti si chako. Hata wale uliowafundisha watasema walifundishwa na nani. Utabaki na nini?"

Nilifikiri. Simdanganyi mtu, nilifikiri sana, na nilijionea huruma. Niliona nyumba yangu ndogo ya Mji Mwema, niliona mafao ambayo sitayaona, niliona majirani wakinong'ona. Nikawaza pia kwamba yule Oliva Luvanda wa kweli, kama bado yu hai, hajui kwamba amekuwa mwalimu mzuri. Halafu nikasikia pumzi ya Twilumba. Ukisimama karibu unaisikia. Inaingia, halafu unangoja, unangoja, unaanza kuhesabu, unafika ishirini na nne, na ndipo inaingia tena. Huwezi kuwaza mafao ukiwa unangoja hivyo.

"Jina langu ni Tusekile Sanga," nikasema. Ulimi ulikuwa mzito, nikalirudia vizuri zaidi. "Tusekile Sanga. Nimezaliwa Makete."

Matroni akatafuta muda mrefu kuliko kawaida.

"Damu inalingana. Kadi ya Tusekile Sanga ipo. Mara ya mwisho kutumika ni miaka thelathini na minne iliyopita, mtihani wa darasa la saba. Hali: hajulikani alipo. Taarifa hii itatumwa wilayani."

"Itume."

"Taja mabadiliko."

"Mtoto wa kitanda cha kumi na tisa si Edina Mahenge. Ni Twilumba Mgaya. Aliyembadilisha jina ni mimi. Mama yake alinitii tu, na mtoto alinitii tu."

"Kadi ya Twilumba Mgaya ipo. Ini husafisha dawa polepole. Kipimo kilichotolewa kimezidi mara mbili. Kinashushwa kuanzia sasa." Kitu kikalia ndani ya mashine, na tone lililokuwa likishuka kwenye mpira likachelewa. Nililitazama mpaka likachelewa tena. "Shahidi. Wapo wengine ambao kadi si zao?"

Fute alisema "Tuse" kwa sauti ndogo. Ndivyo alivyokuwa akiniita dawatini. Sikujua kama ananizuia au ananionea huruma, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua.

Nikawataja wote wanne, majina waliyopewa na majina waliyozaliwa nayo. Nilipomaliza, Fute hakuwa tena mlangoni. Nilimwona dirishani amekaa juu ya rundo la madawati, kwenye baridi, mgongo ameugeuzia darasa.

Wawili kati yao kipimo chao kilikuwa sawa, kwa bahati tu. Wa tatu alikuwa akipewa kidogo, alikuwa karibu kuamka katikati ya ugonjwa. Wa nne, msichana wa darasa la sita aliyekuwa akiitika vizuri kila siku, alikuwa amezidishiwa. Matroni alikadiria kwamba angeacha kuitika Jumapili.

Nilimfuata Fute nje nikamwambia hilo la Jumapili. Hakugeuka. Baada ya muda akasema viazi vimeiva, nikale.

*

Jibu la wilaya lilikuja jioni ile ile, maneno machache. Nimesimamishwa kazi. Nitachukuliwa hatua geti likifunguliwa. Kwa kuwa geti haliwezi kufunguliwa kabla ya chanjo, na watoto hawawezi kukosa wa kuwaita, niendelee na zamu. Nilicheka peke yangu. Hata kunifukuza inabidi wanisubiri nimalize wiki ya Kinyamagoha.

Usiku nilifuma sweta, na safari hii sikulifumua. Nilimwaza Twilumba akiamka. Nilijiambia kwamba atanishukuru, halafu nikaacha kujidanganya. Ana miaka kumi na minne. Alikuwa wa kwanza wilayani, na sasa si wa kwanza wala wa mwisho, hayumo. Atanichukia, nami nitamwacha anichukie, ilimradi anachukia kwa pumzi zake mwenyewe.

Asubuhi barafu ilikuwa nene. Nilivunja maji kwenye ndoo, nikanawa uso, nikachukua rejista. Nilikuwa nimekesha nikiirekebisha, majina matano yamekatwa kwa mstari mmoja mnyoofu na matano yameandikwa juu yake. Nikaingia darasa la saba. Kwanza nikaenda kitanda cha kumi na tisa. Pumzi mbili na nusu zilikuwa zimefika tatu, na midomo ilikuwa imeanza kurudisha rangi.

Nikasimama mbele, mahali pangu. Nikakohoa kidogo kusafisha koo.

"Mwalimu wa zamu," akasema Matroni. Akasita, nadhani alikuwa anatafuta kadi. "Tusekile Sanga?"

Tangu mama afe hakuna sauti iliyoniita hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kusema "Nipo", kama siku zote, kama mtumishi wa serikali.

"Abee," nikaitika.